Sauti Iliyomuuzia Baba Mkwe Gari

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nje ya studio, flashi mfukoni, nacheka peke yangu kama mwehu, na mlinzi wa geti ananiangalia akijiuliza amwite nani.

Wewe uliyenikuta leo, ngoja nikueleze kwa kifupi. Mimi ni mshereheshaji. Harusi, mahafali, matangazo ya redio: uso wangu huenda huujui, lakini nikifungua mdomo utasema, "Aa, kumbe ni yeye!" Kampuni ya magari ya umeme ilinipa kazi ya kusoma maneno haya: "Bei hii haitashuka. Anayesubiri anajichelewesha." Niliyasoma kwa mbwembwe zangu zote.

Baba mkwe wangu, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, akasikia sauti ya mkwewe redioni. Akauza teksi zake mbili za petroli, akanunua gari moja la umeme. Kabla hata plastiki za viti hazijabanduliwa, kampuni ikashusha bei kwa theluthi nzima.

Mzee alikuja kwangu, akakataa kuketi. "Ningesubiri kidogo tu," alisema, "ningepata gari hilihili na teksi ile kuukuu ikabaki."

Akaondoka na binti yake, yaani mke wangu Mama Pacha, pamoja na pacha wetu. Alisema hawezi kumwacha mwanawe kwa mtu aliyemtapeli baba yake kwa redio.

Na kwenye flashi kulikuwa na nini? Sauti ya meneja masoko wa kampuni hiyo, yule tunayemwita Tabasamu kwa kuwa meno yake hayana likizo. Siku ya kurekodi nilitoka kunywa maji, maiki ikabaki wazi. Tabasamu akawa anaongea na simu: "Kushusha bei kumeshaamuliwa, ni mwezi ujao. Tangazo litusaidie kumaliza yaliyojaa uani kwa bei ya sasa. Wakishanunua watalia, halafu watanyamaza."

Watalia, halafu watanyamaza. Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo, nikanawa nayo uso.

Sasa twende.

Jumatatu asubuhi simu ikaita. Tabasamu mwenyewe.

"Sauti yangu! Hujambo kaka?"

"Sijambo."

"Alhamisi tuna mkutano wa wanahisa. Mwenyekiti wa bodi yupo, waandishi wapo. Nataka uongoze wewe."

Nilidhani ananikejeli. "Watu wanataka kunila nyama kwa lile tangazo, wewe unanipandisha jukwaani?"

"Ndiyo maana nakuita! Sauti iliyosema bei haitashuka, hiyohiyo iseme tumeishusha kwa upendo. Wachekeshe. Mtu akicheka anasahau."

Ningeweza kumtukana palepale hadi simu ipate moto. Lakini kisasi cha matusi ni kisasi cha mlevi, asubuhi mwenyewe hukikumbuki. Mimi nilitaka cha kukumbukwa.

"Nitakuja," nikasema, kwa sauti tamu ile ya kumkaribisha bibi harusi ukumbini.

Mchana nikaenda ofisini kwake kuchukua ratiba. Ofisi iko ghorofani, juu ya duka lao, dirisha linaangalia uani. Miezi miwili nyuma uani pale hapakuwa na nafasi hata ya kupita paka. Magari yalipangwa mlango kwa mlango, vumbi limeganda juu ya vioo. Siku hiyo palikuwa peupe. Yalibaki machache kwenye kona, na vijana wanayaosha.

"Unaona?" Tabasamu akanionyesha kwa kalamu. "Washindani wetu walikuwa wanajiandaa kushusha. Sisi tungekaa na bei yetu, kiwanda kingefungwa. Faida kwa kila gari imekuwa nyembamba kama karatasi, hisa zimeyumba, lakini tunauza. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningeshusha."

"Umeona!"

"Ila nisingewaambia watu kwamba haitashuka."

Akacheka. Akanigonga begani. "Kaka, wewe ulisoma karatasi tu. Usijitwishe mzigo usio wako."

Usio wangu! Kitanda changu kina mto mmoja siku hizi, halafu mzigo si wangu!

Nikiwa nateremka, mama mmoja akanisimamisha pale dukani. Mkunga, sare bado mwilini, kashika ufunguo mpya kama kashika kifaranga. Alikuwa amenisikia nikimsalimia mhudumu.

"Ni wewe wa redioni? Mungu akubariki, kaka! Kwa bei ile ya kwanza ningekufa natembea. Sasa naitwa na mzazi saa yoyote, nafika."

Akanikumbatia. Nikasimama pale kama gogo. Nilikuja kulisha hasira yangu, na mama wa watu kaifungia mlango. Nikamtakia heri, nikatoka haraka kabla moyo haujalainika zaidi.

Jioni nikaonana na fundi wa sauti wa studio, mama wa makamo asiye na maneno mengi, ndiye aliyenipa ile flashi. Naye kaka yake alinunua gari kwa bei ya zamani. Kampuni ilikuwa imemkodi kushughulikia mitambo ya ukumbini. Mambo yalijipanga yenyewe.

"Nikivua koti," nikamwambia, "wewe achia."

"Kwa nini koti?"

"Ili wajue kazi imeanza."

Akaguna. "Ukishaachia, hairudi. Unalijua hilo?"

"Ninalisubiri hilo."

Jumanne nikaenda kwa dada. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alikuwa mwalimu, akinivisha na kunisomesha kwa mshahara ambao ukiingia mlangoni unatokea dirishani. Sasa kastaafu. Nilimkuta anapiga pasi mashuka ya wageni, ingawa hakuna mgeni aliyemtarajia. Dada yangu ndivyo alivyo.

Nilimweleza mpango wangu wote. Nilitaka anisifu. Nilimwigizia na sauti ya Tabasamu, nikaonyesha na meno.

Hakucheka. Akaiweka pasi wima.

"Mdogo wangu, mimi nina hisa za kampuni hiyo."

"Hisa gani?"

"Kiinua mgongo changu. Chote. Nilisikia tangazo lako, nikasema kampuni inayomwamini mdogo wangu si ya mchezo. Nikanunua. Bei ya magari iliposhuka, na hisa zikashuka. Nikajipa moyo kwamba wakiuza magari mengi zitapanda tena." Akakaa kitandani, juu ya shuka alilolinyoosha muda uleule. "Ukirusha hayo mambo yako Alhamisi, mimi nabaki na nini?"

Nikakaa karibu yake.

"Basi naacha," nikasema mwishowe.

"Nani kakwambia uache? Huyo mtu amuone Mungu wake! Ila nipe Jumatano. Nizungumze na dalali, niuze. Alhamisi wewe fanya unachotaka."

"Dada, na atakayezinunua?"

"Simjui. Na wewe humjui." Akainuka, akashika pasi. "Mimi ndiye unayenijua."

Nisiwafiche. Nilijua tunachofanya. Tabasamu alijua bei itashuka, akawauzia watu magari. Dada alijua hisa zitaanguka, na sasa anamtafutia mtu asiyemjua hasara yake. Kilichotofautiana ni kwamba huyu alininyoa nywele nikiwa mtoto. Nikakubali. Nikanywa chai, nikamuaga, nikaenda zangu.

Jumatano jioni dada akapiga. Neno moja tu: "Tayari."

Alhamisi.

Ukumbi ulijaa pomoni. Mbele wanahisa wakubwa kwenye viti vya sponji, nyuma wadogo kwenye viti vya plastiki. Waandishi pembeni. Tabasamu kavaa suti mpya, anasalimia watu kwa mikono miwili. Mwenyekiti wa bodi, mzee mfupi mwenye kikohozi, kaketi jukwaani na chupa ya maji.

Nilipotamka tu "Mabibi na mabwana," mnong'ono ukapita kama upepo kwenye mahindi. *Ndiye yule. Ndiye yule wa haitashuka.* Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Leo unasema nini hakitashuka?" Ukumbi ukaangua kicheko.

Nikacheka nao. Kazi yangu ni hiyo.

Ndipo nikawaona. Safu ya nne kutoka nyuma, baba mkwe, kanzu safi, mikono kaiweka juu ya magoti. Ubavuni mwake Mama Pacha. Tangu aondoke hatujaonana uso kwa uso. Sikujiuliza wamepitaje mlangoni, ambako waliruhusiwa wenye hisa tu. Nilichowaza ni kimoja: wamekuja kuona! Leo mzee atajua nani alimtapeli. Leo mke wangu atarudi nyumbani kichwa juu.

Hapo ndipo kisasi kilipozidi utamu.

Nikawaongoza kwenye ratiba vizuri. Mwenyekiti akasoma hotuba. Akakiri kwamba faida imepungua, akaomba subira, akasema magari yanatoka kama maandazi ya moto na hisa zitapata nguvu tena. Watu wakapiga makofi ya shingo upande. Kisha Tabasamu akasimama kueleza "falsafa ya bei."

"Sisi," akasema, "hatukuwahi kumficha mteja jambo. Hata mara moja."

Nikavua koti. Nikalitupia kwenye kiti cha safu ya mbele.

Spika zikakwaruza, kisha Tabasamu akaanza kuongea juu ya kichwa cha Tabasamu. "...kushusha bei kumeshaamuliwa, ni mwezi ujao. Tangazo litusaidie kumaliza yaliyojaa uani..."

Mwanzoni watu walidhani ni sehemu ya hotuba. Yeye mwenyewe alibaki na tabasamu lake usoni, limemganda, kama amelisahau pale. Akamtazama fundi. Fundi akakunja mikono kifuani.

"...wakishanunua watalia, halafu watanyamaza."

Ukumbi ukawa kimya hadi ukasikia feni.

Nikasogeza maiki mdomoni. "Mabibi na mabwana," nikasema, taratibu, kwa sauti ileile aliyoinunua, "haya ndiyo yaliyosemwa siku niliyoambiwa niwaahidi kwamba bei haitashuka. Mimi nilisoma. Huyu alijua. Walionunua wamelia. Leo hawanyamazi."

Wee! Viti vilianguka. Waandishi wakamkimbilia kama siafu. Mwanamke mmoja alivua kiatu. Mwenyekiti alikohoa hadi akashikiliwa. Tabasamu akatafuta mlango wa nyuma, akakuta umefungwa, akabaki anautikisa huku watu wanampigia kelele. Meno nilikuwa siyaoni tena. Nikasimama na kumwangalia, sikupepesa jicho. Kila usiku wa mto mmoja nilimdai, na kila mmoja nikaulipiza hapo.

Kisha nikaona watu wanatazama simu zao.

"Zinaanguka!" mtu akasema. "Hisa zinaanguka!"

"Uza! Mpigie dalali, uza!"

"Nani ananunua saa hizi? Nani kichaa?"

Sikujali. Nikateremka jukwaani, nikapasua umati, nikaenda safu ya nne kutoka nyuma nikiwa nimenyoosha mikono yote miwili.

Baba mkwe hakusimama. Alikuwa kaketi vilevile, mikono juu ya magoti, ila midomo imekauka.

"Baba, umesikia?" nikamwambia. "Si mimi niliyekutapeli. Umemsikia mwenyewe kwa masikio yako!"

"Nimesikia, mwanangu."

"Basi nisamehe, baba. Twende nyumbani, nawaendesha mimi kwa gari lako."

"Gari nimeuza."

"Umeuza? Kwa nani?"

"Kwa mtu mmoja, jana asubuhi. Kila niliyemfuata alinicheka, akisema jipya dukani ni rahisi kuliko langu. Huyu akanipa kidogo, nikachukua." Akatazama simu ya mtu aliyekaa mbele yake. "Nikasema, kwenye hii biashara wanaoumia ni wanunuzi, wanaoshiba ni wenye hisa. Na mimi nikae upande wa kushiba. Hisa zilikuwa zimeshuka bei, dalali akaniambia ndiyo wakati. Nimenunua jana mchana. Kwa pesa zote za gari."

Nikashika kiti cha plastiki.

"Jana?"

"Jana."

Mama Pacha alikuwa ameinuka. Sikumwona alipoenda, nilimwona anarudi, koti langu mkononi, amelifuata kule mbele. Akalikung'uta vumbi. Macho yake yalikuwa laini. Nawaambieni ukweli, yalikuwa laini! Kwa dakika ile moja nilikuwa na mke.

"Baba Pacha," akasema kwa upole, "umefanya la kiume. Ya hisa tutajua la kufanya. Baba atakaa kwetu."

Simu ikaita ndani ya koti.

Akaitoa anipe. Makelele yalikuwa mengi, akaona jina, akabonyeza spika ili tusikie wote. Ni wifi yake, na wanapendana. Kwa nini asipokee?

"Mdogo wangu!" Dada alikuwa analia kwa furaha. "Nimeona kwenye runinga! Usingeniambia mapema nikauza jana, leo ningekuwa maiti! Mungu akuweke! Niliuza zote mchana, dalali alisema kapata mzee mmoja kazichukua kwa mkupuo!"

Mama Pacha akaizima simu. Hakuharakisha.

Baba mkwe akageuza shingo, kwanza kwa binti yake, kisha kwangu. Sijawahi kuona mtu anazeeka mbele ya macho yangu. Siku hiyo niliona.

"Ulijua," mke wangu akasema. "Tangu lini?"

"Mama Pacha, nisikilize..."

"Ulijua, ukamwambia dada yako. Baba yangu hukumwambia."

"Sikujua kama atanunua! Ningejuaje? Alikuwa hataki hata kunisalimia!"

"Yule jukwaani naye hakujua kama baba atanunua."

Nikanyoosha mkono nimshike, akarudi nyuma.

Mtu akanigusa bega. Nikageuka nikitegemea mwandishi. Alikuwa mwanamke mwenye miwani na begi la ngozi, nilimwona asubuhi kwenye viti vya wageni waalikwa. Akanionyesha kitambulisho. Afisa wa mamlaka ya soko la hisa.

"Hongera kwa ushujaa," akasema, bila kutabasamu. "Nina swali dogo. Rekodi ile ulikuwa nayo kabla ya leo. Kuna mtu yeyote uliyemwambia? Maana jana zimeuzwa hisa nyingi kwa pupa, na sisi tunapenda kujua nani alishtuka mapema."

"Hakuna," nikasema.

Nilisema bila hata kufikiri. Nilisema kwa ile sauti yenyewe, nzito, ya kuaminika, sauti ya haitashuka.

Afisa akatikisa kichwa polepole, akaandika. Kisha akamgeukia mwenzangu.

"Na wewe, mama? Unamfahamu huyu bwana?"

Mama Pacha alinitazama. Akanitazama tena, kama mtu anayehakikisha hajasahau kitu ndani ya nyumba kabla ya kufunga mlango. Akalikunja koti langu vizuri, mikono ndani, akaliweka juu ya kiti kitupu. Akamshika baba yake mkono.

"Mimi ni mkewe," akasema. "Na huyu ni baba yangu. Ndiye aliyenunua jana."

Akamvutia afisa kiti.

"Kaa, dada. Tuanze na aliyeuza."